Msumeno wa pembe wa kuteleza

Msumeno wa pembe wa kuteleza ni mashine ya useremala inayoendeshwa kwa umeme au kwa betri, ambayo hutumika kukata mbao kwa upana wake, ama kwa mraba ama kwa pembe iliyopimwa. Diski yenye meno hufungwa kwenye kichwa chenye mota, na kichwa hicho hushushwa kwa mkono juu ya ubao uliolazwa mezani. Katika msumeno wa pembe wa kawaida kichwa hupanda na kushuka tu. Katika huu wa kuteleza, kichwa husogea pia mbele na nyuma juu ya reli, na kwa hiyo hukata ubao mpana kuliko diski yake ingeweza kufikia ikiwa imesimama mahali pamoja.

Mashine hii hutumika hasa katika kazi za kumalizia nyumba, kama vile fremu za milango, sakafu za mbao, dari na mbao za chini ya kuta, na pia katika kuandaa mbao za paa. Haifai kupasua ubao kwa urefu wake. Kazi hiyo ni ya msumeno wa meza au msumeno wa mviringo wa mkononi. Anayetafuta mashine moja ya kufanya yote mawili hataipata hapa.

Historia

Kabla ya mashine hizi, seremala alikata pembe kwa sanduku la pembe: kihori kidogo cha mbao chenye nafasi zilizochongwa ubavuni ili kuongoza msumeno wa mkono. Sanduku hilo bado linauzwa madukani kwa bei ndogo, na kwa mtu mwenye fremu mbili tatu za picha linatosha kabisa.

Katika miaka ya 1920 Mmarekani Raymond DeWalt alitengeneza msumeno wa umeme ulioning'inia kwenye mkono wa chuma na kuvutwa juu ya meza. Mwaka 1964 kampuni ya Rockwell ya Marekani ilitoa msumeno wa pembe wa umeme, ambao kimsingi ulikuwa sanduku la pembe lililofungiwa mota. Msumeno wa kuteleza uliofuata baadaye uliunganisha mawazo hayo mawili: pembe za sanduku na mwendo wa mkono wa chuma.

Ukubwa wa diski na upana wa ubao

Mashine hutajwa kwa kipenyo cha diski yake. Vipimo vinavyopatikana zaidi ni milimita 216, 254 (inchi 10) na 305 (inchi 12). Wanunuzi wengi huamini kwamba diski kubwa ndiyo inayokata ubao mpana. Kwa msumeno usioteleza ni kweli, lakini kwa unaoteleza upana hutokana zaidi na urefu wa reli. Msumeno wa kuteleza wa milimita 216 kwa kawaida hukata ubao wa upana wa karibu milimita 300, ilhali msumeno usioteleza wa milimita 254 huishia karibu milimita 140 hadi 150.

Kinachoongezwa na diski kubwa ni unene. Diski ya milimita 216 hukata kina cha milimita 60 hadi 70, ya milimita 254 hukata karibu 90, na ya 305 hupita 100. Kwa hiyo anayekata nguzo za inchi 4 kwa 4 anahitaji diski kubwa, lakini anayetengeneza rafu za ubao wa inchi 1 kwa 12 anahitaji reli ndefu.

Upana hupungua mkato unapokuwa wa pembe. Ubao ukikatwa kwa nyuzi 45, njia ya diski huwa ndefu mara 1.41 ya upana wa ubao. Ubao wa inchi 6, yaani milimita 152, huhitaji mwendo wa milimita 215. Hapa ndipo mtu aliyenunua msumeno usioteleza hugundua kwamba 2 kwa 6 aliyoikata bila shida kwa mraba sasa inabakia na kipande kisichokatika ukingoni. Kabla ya kununua, inafaa kuandika ubao mpana kuliko yote utakaokatwa kwa nyuzi 45 na kuuzidisha kwa 1.41. Matokeo hayo yalinganishwe na mwendo wa mashine wakati wa kukata kwa mraba. Kipimo kinachoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi kwa kawaida ni cha mkato wa mraba, si cha nyuzi 45.

Mashine nyingi huinamisha kichwa pia, ili ukingo wa ubao ukatwe kwa mteremko. Nyingine huinama upande mmoja tu, nyingine pande zote mbili. Aina ya pili ni ghali zaidi. Faida yake ni kwamba fundi hahitaji kugeuza ubao mrefu kila anapokata upande wa pili wa kona. Kwa mtu anayefunga kona za dari kila wiki ni msaada mkubwa. Kwa wengine ni fedha ambayo ingefaa zaidi kununulia diski nzuri.

Usahihi

Reli zina gharama yake. Kichwa kinachosafiri kina nafasi zaidi ya kuyumba kuliko kilichofungwa kwenye bawaba moja, na kosa dogo hukua kadiri ubao unavyokuwa mpana. Kosa la nusu uzi kwenye ubao wa milimita 300 huacha tofauti ya milimita 2.6. Fremu ya pembe nne ina mikato minane, na kila mmoja ukikosea kwa robo uzi, jumla ni nyuzi 2. Kona tatu zitafungana na ya nne itabaki wazi.

Ndiyo maana mashine nzuri hupimwa dukani kwa mkono kabla ya kusoma karatasi yake. Kichwa kivutwe hadi mwisho wa reli, kisha kisukumwe kushoto na kulia kwa nguvu kidogo. Kikicheza, hakuna marekebisho ya nyumbani yatakayokiponya kwa muda mrefu. Vibonyezo vya pembe za kawaida, kama vile 0, 22.5 na 45, viingie kwa sauti na kubaki imara.

Mraba wa mkato hukaguliwa bila chombo chochote ghali. Ubao wenye kingo zilizonyooka hukatwa katikati, kisha kipande kimoja hupinduliwa juu chini na vipande hukutanishwa tena vikiegemea kitu kilichonyooka. Mashine ikiwa sahihi, mkato hufungana. Ikiwa imepotoka, huonekana mwanya wenye ukubwa mara mbili ya kosa lenyewe.

Mwanga wa leza unaosifiwa katika matangazo huonyesha tu mahali diski itakapopita, tena kwa ukaribu. Taa inayotupa kivuli cha diski juu ya ubao huaminika zaidi, kwa sababu kivuli hakihitaji kurekebishwa diski inapobadilishwa.

Umeme

Tanzania hutumia umeme wa volti 230 na Kenya volti 240, zote kwa hezi 50. Marekani hutumia volti 120. Mashine iliyonunuliwa na ndugu aliyeko Marekani ikichomekwa moja kwa moja Dar es Salaam au Mombasa, mota yake huungua, mara nyingi ndani ya sekunde chache. Tofauti ya hezi si tatizo kubwa kwa mota zenye brashi. Kinachoua ni volti. Transfoma hutatua jambo hilo, lakini ni lazima iweze kubeba wati zote za mashine, ambazo huwa kati ya 1,400 na 2,000, na iwe na ziada kwa ajili ya kuwasha. Transfoma ndogo ya redio haiwezi kazi hii.

Mtego wa pili ni mtumba wa Uingereza. Nyumba za huko hutumia umeme wa volti 230, lakini katika maeneo ya ujenzi ni kawaida kutumia zana za volti 110 kupitia transfoma, ili kupunguza hatari ya kupigwa na umeme. Zana hizo hutambulika kwa plagi ya manjano ya mviringo. Muuzaji akiikata plagi hiyo na kuweka ya pini tatu, dalili pekee inayobaki ni kibao kidogo kilichobandikwa kwenye mota. Kisomwe kabla ya kulipa.

Kwenye eneo la ujenzi waya mrefu na mwembamba nao hudhuru. Waya wa mita 50 wenye nyuzi za shaba za milimita mraba 1.5 hupoteza karibu volti 9 mashine ya wati 1,800 inapofanya kazi, na zaidi sana wakati wa kuwaka. Waya wa milimita mraba 2.5 ni bora. Mashine zinazowaka polepole husumbua jenereta kidogo kuliko zinazoruka kwa mshtuko.

Zipo pia za betri, za volti 18 au 36. Hufaa pale ambapo umeme haujafika, mradi betri za ziada ziwepo na chaja yake iwe ya volti za nchi husika.

Diski

Diski inayokuja na mashine mara nyingi ni ya kazi za haraka. Meno 24 hadi 40 hutosha kwa mbao za paa. Kwa fremu na samani hutakiwa meno 60 hadi 80. Kwa msumeno wa kuteleza kuna jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalitaji: mwelekeo wa meno. Diski ya msumeno wa meza ina meno yaliyoinamia mbele, yenye uchu wa kuuma. Ikifungwa kwenye msumeno wa kuteleza huvuta kichwa kipande juu ya ubao. Diski inayofaa ina meno yaliyosimama wima au kuinama kidogo kwa nyuma.

Tundu la katikati lilingane na mashine. Za soko la Ulaya kwa kawaida ni milimita 30. Za Marekani ni inchi 5/8 kwa diski ya inchi 10, na inchi 1 kwa ya inchi 12. Kasi iliyoandikwa kwenye diski isiwe chini ya kasi ya mashine. Jiwe la kukatia chuma lisifungwe kamwe: cheche zikiingia kwenye unga wa mbao huwasha moto.

Eneo la ujenzi na karakana ya nyumbani

Msumeno wa kuteleza wa milimita 305 huweza kufika kilo 25 hadi 30. Kuupandisha ghorofa ya tatu kila asubuhi ni kazi ya watu wawili, na kila kugongwa njiani huhatarisha pembe zake. Wa milimita 216 huwa na kilo 12 hadi 18, na kwa fundi anayesafiri kwa bodaboda au daladala tofauti hiyo huamua kama mashine itatumika au itabaki nyumbani.

Karakana ya nyumbani ina shida iliyo kinyume: uzito si kitu, nafasi ndiyo haba. Reli nyingi hutokeza nyuma kichwa kinaposukumwa, hivyo meza haiwezi kuegemezwa ukutani. Baadhi ya mashine zina reli zisizosogea nyuma, au mkono wenye viungo unaojikunja. Katika chumba chembamba, sifa hiyo ina thamani kuliko inchi mbili za diski.

Usalama

Meno ya chini ya diski huzunguka kuelekea nyuma ya meza. Kwa sababu hiyo kichwa huvutwa kwanza mbele kikiwa juu, mota huwashwa, kichwa hushushwa, kisha mkato hufanywa kwa kusukuma kuelekea nyuma. Anayekata kwa kuvuta humpa diski nafasi ya kupanda juu ya ubao na kumjia.

Mkono unaoshika ubao ukae angalau sentimita 15 kutoka kwenye diski; kipande kifupi kuliko hapo kibanwe kwa kibano. Ubao uliopinda huwekwa upande wake uliotokeza ukigusa ukuta wa kuegemeza. Baada ya kukata, swichi huachiwa na kichwa hubaki chini hadi diski isimame, kwa kuwa kuinua mapema ndiko hurusha vipande.

Mfuko wa mashine hukusanya sehemu tu ya vumbi. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliainisha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule na la mninga linajulikana pia kwa kuwasha ngozi na kuamsha pumu. Barakoa ya kuchuja vumbi ihesabiwe katika bei ya mashine, pamoja na miwani na vizibo vya masikio.