Kiko kisicho na kiko: Tusiyaache maneno bori, digali na shilamu yafe

JUZI nilipita Kambi Muru, Kibra, nikamkuta fundi wa kuchonga ameketi mlangoni pa kibanda chake akitoboa mwanzi kwa waya uliokolezwa moto. Alikuwa na oda ya kiko cha tumbaku: kichwa cha mti wa mzeituni, katikati mwanzi, na mwishoni kipande cha mfupa wa ng’ombe cha kutia kinywani. Aliposikia kuwa mimi ni mtu wa Kiswahili, akaweka waya chini.

“Mwalimu, hebu nisaidie. Hapa pa kuweka tumbaku panaitwaje? Na hii mwanzi ya katikati? Sisi huku tunasema paipu, imeisha.”

Sikumkosoa kwa ‘hii mwanzi’. Upatanisho wa namna hiyo ndio usemi wa mtaa, naye tulielewana vizuri. Kilichonigusa ni lile neno ‘imeisha’. Je, ni kweli kwamba Kiswahili kimeishia kwenye paipu?

Hasha! Kiko cha jadi cha pwani kilipitisha moshi majini, na kila sehemu yake ilikuwa na jina. Juu palikuwa na bori, yaani kijikombe cha kutilia tumbaku. Bori ilikaa juu ya digali, mrija ulioteremsha moshi hadi kwenye chombo chenye maji, aghalabu kifuu cha nazi au kibuyu kidogo. Kutoka hapo mvutaji aliuvuta moshi kwa shilamu, mrija unaoingia kinywani. Hata ile sauti ya maji yanayobwabwaja ilikuwa na jina lake: malio ya kiko. Edward Steere aliyanakili maneno haya katika kitabu chake kuhusu Kiswahili cha Unguja kilichotoka 1870, na kamusi ya Johnson ya 1939 ikayahifadhi.

Je, kiko chenyewe kilikuwa kipi? Kiko kilikuwa hasa kile chombo cha maji. Baadaye jina la sehemu moja likabeba kitu kizima, kisha likahamia kwa kiko kikavu, kisichotumia maji kabisa. Kwa mantiki hiyo, alichokuwa akichonga fundi wetu ni kiko kisicho na kiko! Lakini hilo si kosa. Kalamu nayo asili yake ni unyasi uliochongwa ncha. Leo ni plastiki, na bado tunaiita kalamu. Maneno hufuata kazi ya kitu kuliko umbo lake.

Tukikubali kanuni hiyo, swali la fundi limejibika. Kichwa cha mzeituni ni bori. Kipande cha mfupa kinachogusa midomo ni shilamu. Mwanzi wa katikati je? Huenda msomaji akapinga kwamba digali la zamani lilielekea majini, si kinywani. Ni kweli. Lakini kazi ya digali ni kuuchukua moshi kutoka kwenye bori na kuupeleka mbele, na ndivyo ufanyavyo mwanzi huu. Basi na tuuite digali la mwanzi.

Kuna atakayeuliza faida ya haya yote ni nini. Jaribu kumfundisha mwanagenzi kwa kumwambia: “Toboa paipu, uunganishe paipu na paipu, uwe na paipu.” Atakutazama tu. Sasa sikiliza maelezo yenye majina.

Chagua mwanzi uliokomaa na kukauka vizuri, wenye pingili fupi. Pingili ni sehemu iliyo baina ya fundo na fundo. Zikiwa fupi, digali huwa na mafundo mengi yaliyokaribiana, na hapo ndipo penye urembo wake. Ndani ya kila fundo mna utando mgumu unaoziba njia. Utoboe kwa keekee au waya wa moto, polepole, kwani mwanzi ukilazimishwa hupasuka kwa urefu. Bori nayo ichongwe katika mti mgumu uliokauka kabisa; mti mbichi hupata nyufa ukikutana na moto. Tundu la tumbaku liwe na upana wa takriban milimita 20, na njia ya moshi takriban milimita 4, itokee chini kabisa ya bori. Ikitokea juu zaidi, tumbaku ya chini haiungui, unyevu hutuama. Mwisho, unganisha digali na bori upande mmoja, na shilamu upande wa pili, kisha piga msasa. Usipake rangi wala vanishi ndani ya bori.

Sihimizi mtu kuvuta, tumbaku inaua. Ninachotetea ni msamiati. Serikali ilipopiga marufuku shisha Desemba 2017, wengi wetu tulitaja ‘bomba la shisha’, ilhali shisha ni kiko cha maji na bomba lake ni shilamu.

Ajabu ni kwamba wageni walilithamini neno letu mapema. Kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha ilitengeneza viko kwa madini meupe, mepesi, yaliyochimbwa upande wa Amboseli, ikaviuza ng’ambo vikiwa na nembo ya ndovu na jina Kiko. Hadi leo wakusanyaji wa viko Ulaya na Marekani hulitamka neno hilo, pengine bila kujua ni Kiswahili.

Nilipomwandikia fundi maneno yale matatu kwenye kipande cha katoni, aliyasoma kwa sauti, akayarudia. Kisha akamwita kijana wake: “Wewe, niletee hilo digali.”

Kijana akaleta mwanzi.