Chupa ya Mofini na Mlima wa Kilolo

Mzee wa Kilolo, mkoani Iringa, ambaye saratani ya tezi dume imekwisha kumwingia mifupani haombi kupona. Anaomba alale. Dawa ya kumlaza ipo tangu zamani, tena si ghali: unga wa mofini hukorogwa katika maji safi, mgonjwa akanywa kipimo kidogo kila baada ya saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo maana mofini hufunga tumbo. Haitaki sindano wala kitanda cha wodini. Inataka mtu aliyefundishwa kuiandika, na mwingine wa kupanda mlima kwenda kuona kama imemtuliza.

Watu hao wawili ndio adimu Nyanda za Juu Kusini. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inahudumia mikoa saba, kuanzia Katavi hadi Ruvuma. Kwa miaka mingi tiba ya mionzi ilifuatwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 800 kwa basi kutoka Mbeya, na mgonjwa mwenyewe hawezi kukaa. Dirisha la wazee hospitalini ni jambo jema, ila aliyeshindwa kunyanyuka kitandani halifikii.

Tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona na kuishika mkono familia yake, huku kwetu ilikuzwa na UKIMWI. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), lililoianza katika hospitali yake ya Selian, Arusha, mwaka 1999, baadaye liliieneza katika hospitali zake nyingine. Utafiti wa kitaifa wa 2016–17 ulikuta maambukizi ya VVU kwa asilimia 11.3 ya watu wazima Iringa na 9.3 Mbeya. Ugonjwa huo huo uliondoka na watoto ambao leo wangekuwa wanawageuza wazazi wao ili wasipate vidonda vya kulalia. Anayemgeuza bibi sasa ni mjukuu wa darasa la sita.

Uganda ilimwongezea muuguzi mamlaka. Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na kufikia 2004 kanuni ziliruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini. Muuguzi wa zahanati ya kijijini kwetu hana kalamu hiyo, ingawa ndiye anayejua njia ya kufika kwa mzee. Sioni sababu ya kitabibu ya kumnyima, akifundishwa na kusimamiwa.

Serikali ilizindua mwaka 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000. Wafundishwe kupima maumivu kama wanavyopima uzito wa mtoto.

Nawe mwenye mgonjwa anayelia usiku, usiogope kwamba mofini itamfanya teja. Ikitolewa kwa kipimo sahihi, hilo ni nadra. Nenda hospitali ya wilaya, ulizia tiba shufaa kwa jina hilo hilo, na uwe umeandika saa ambazo maumivu humzidi. Daktari ataanzia hapo kupanga dozi.