Embu hadi Maua: Lipia Nini kwa Simu, Lipia Nini kwa Noti

Ukisikia watu wakisema siku hizi unaweza kuzunguka Kenya bila hata ndururu mfukoni, wanasema kweli, lakini kweli nusu. Njia ya kutoka Embu kupitia Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu hadi Meru mjini, kisha Maua, ni mfano mzuri. Kuna mahali simu inatosha kabisa, kuna mahali noti ndiyo inasaidia, na kuna mahali noti haitakiwi hata kidogo. Msafiri anayejipangia safari mwenyewe, bila kampuni ya utalii, anafaa kujua tofauti hiyo kabla hajapanda gari. Na si kwa ajili ya mfuko wake tu. Mwenye boda na mama wa ndizi pia wana hesabu zao.

Kwenye stage

Magari ya sacco ya masafa marefu kwa kawaida huwa na ofisi ya kukata tiketi, na ofisi hiyo huwa na till au paybill. Lipa hapo. Kabla hujaweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Lifanane na jina la sacco, au angalau na lile lililobandikwa dirishani. Manamba akikuambia, "Boss, tuma kwa hii namba yangu, gari inatoka sasa hivi," mwambie pole pole kwamba utalipa ofisini. Pesa ikishaingia kwa namba yake, huna risiti, na konda hakujui.

Kwa safari fupi, kama Nkubu hadi Meru au Meru hadi Maua, utapanda matatu ndogo au Probox. Hapo beba noti za 50, 100 na 200. Ukitoa noti ya elfu moja saa kumi na mbili asubuhi, utaambiwa chenji hakuna.

Hesabu ya shilingi 29

Hapa ndipo wageni wengi hupoteza pesa, na huwapotezea wengine pia. Kwa ada za M-Pesa za sasa, kutoa kiasi chochote kati ya shilingi 101 na 2,500 kwa ajenti ni shilingi 29. Ukitoa 500 mara tano, umelipa 145. Ukitoa 2,500 mara moja, umelipa 29 tu. Kwa hivyo toa mara moja ukiwa Embu au Meru mjini, ambako maajenti ni wengi na pesa ipo, halafu ugawe noti hizo mfukoni na kwenye begi. Kumbuka kitambulisho au pasipoti, kwa sababu ajenti ataiomba.

Sasa geuza hesabu uitazame kwa upande wa mtu wa boda. Umemtumia 150 kwenye namba yake ya kawaida. Wewe umekatwa 7 ya kutuma. Yeye akitaka kuitoa anunue unga, anakatwa 29, anabaki na 121. Karibu moja kwa tano ya jasho lake imeenda. Ndiyo maana utasikia, "Tuma na ya kutoa." Hakuonei. Anakuambia bei kamili ya njia uliyochagua ya kumlipa.

Suluhisho ni swali moja, na uliulize kabla hujapanda: "Nikulipe aje?" Wengine watataka noti. Wengine wana pochi ya biashara kwenye simu, ambayo hutenga pesa za kazi na za nyumbani, na mteja hawezi kuirudisha pesa kimyakimya akishashuka. Wengine watakuambia tuma tu, kwa sababu watanunua mafuta kwa till bila kutoa noti. Kila mtu anajua mambo yake. Muulize.

Sokoni

Gakoromone, soko kubwa la Meru mjini, utapata ndizi, viazi, maharagwe na mboga za kutoka mashambani pande zote. Salimia kwanza. "Muga" ya Kimeru inafungua mlango kuliko "hii ni ngapi?" Kisha: "Mama, hizi ndizi unauza aje?" Mkielewana bei, angalia kama ana till.

Till ina faida ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Wewe hukatwi kitu, na kwa malipo yasiyozidi shilingi 200 hata muuzaji hakatwi. Kwa ndizi za 100 au sahani ya githeri kwenye kibanda, till ndiyo njia inayomwachia kila mtu pesa yake nzima. Asiye na till, mpe noti. Ukimtumia 100 au chini yake kwa namba ya kawaida, wewe hulipi ada, lakini yeye akitoa atakatwa 11.

Maua na lango la Murera

Maua ni nchi ya miraa. Miraa ikikaa siku mbili hivi nguvu yake imeshaisha, kwa hivyo kuchuma, kufunga na kusafirisha hufanywa mbiombio. Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 2014, wakulima wa Igembe walipoteza soko kubwa, na kazi bado inaendelea kwa masoko ya karibu. Zao lisilongoja linataka malipo yasiyongoja, na hapo simu imeingia vizuri. Lakini usiombe lifti kwenye gari lililobeba miraa. Dereva wake anashindana na saa.

Kutoka Maua ndiyo njia ya lango la Murera, la Mbuga ya Taifa ya Meru, ile ambayo Joy Adamson aliifanya ijulikane duniani kwa habari za simba Elsa. Hapa sheria inageuka. KWS haipokei noti langoni. Malipo ni kupitia eCitizen. Usingoje ufike getini ndipo uanze kutafuta mtandao. Lipa ukiwa Maua au Meru mjini, piga picha ya risiti kwenye skrini, na uhakikishe simu ina chaji. Pawabenki ndogo hapa ina thamani kuliko noti ya elfu.

Mambo matano ya kushika

1. Safiri mchana. Maajenti wengi vijijini hufunga giza likiingia, na barabara ya Meru–Embu ina kona kali. Kwenye daraja la Nithi, basi moja lilianguka Julai 2022 na kuua watu zaidi ya 30.

2. Ukitumiwa pesa, amini salio, usiamini meseji. Meseji yoyote inaweza kuandikwa na mtu.

3. Ukikosea namba kwenye M-Pesa, tuma ile meseji ya muamala kwa 456 mara moja. Aliyepokea akishaitumia, kurudisha kunakuwa kugumu.

4. PIN ni yako peke yako. Ajenti haihitaji, konda haihitaji, na sisi hatutawahi kukupigia kuiomba.

5. Weka akiba ya nauli ya kurudi kwenye simu, na noti za siku moja mfukoni. Moja ikikataa, nyingine ikutoe.

Ada hubadilika, kwa hivyo ziangalie kwenye menyu ya simu yako kabla ya kuondoka. Halafu nenda. Kati ya Nkubu na Meru mjini utavuka ikweta, na hiyo hutatozwa kitu.