Kambodia: vita vilikwisha, yatima wakaongezeka

Mwaka 2005 Kambodia ilikuwa na vituo 154 vya kulelea yatima, vyenye watoto 6,254. Kufikia 2010 vituo vilikuwa 269 na watoto 11,945. Ni rahisi kusema hayo ni makovu ya vita. Lakini mkataba wa amani ulisainiwa Paris mwaka 1991, na mabaki ya waasi wa Khmer Rouge yakaweka silaha chini mwishoni mwa 1998. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 2010 alizaliwa bunduki zikiwa zimeshanyamaza. Tena takriban watoto 3 kati ya 4 waliokuwa vituoni walikuwa na angalau mzazi mmoja aliye hai.

Walioongezeka kweli ni watalii: kutoka kama milioni 1.4 mwaka 2005 hadi milioni 2.5 mwaka 2010. Hiyo ni asilimia 76 hivi. Vituo viliongezeka kwa asilimia 75. Namba kwenda sambamba si ushahidi, nakubali. Ila Siem Reap, mji wa jirani na mahekalu ya Angkor, watoto wa vituo walikuwa wakipelekwa barabarani jioni wakipiga ngoma na kugawa vipeperushi, kuwaalika wageni waje kituoni kuwatazama wakicheza. Sanduku la michango liliwasubiri wageni hao. Kati ya vituo 269, vya serikali vilikuwa 21 tu. Vingine viliishi kwa mfuko wa mfadhili, na mfadhili anataka kumwona mtoto. Mtoto asipokuwepo, anafuatwa kijijini kwa ahadi ya shule na chakula.

Kwenye kuasili watoto nje ya nchi, fedha zilikuwa nzito zaidi. Marekani ilisimamisha uasili kutoka Kambodia Desemba 2001, baada ya kubainika kwamba wapo waliosafirishwa kwa karatasi za yatima ilhali mama zao wako hai. Dalali maarufu wa uasili huo, Lauryn Galindo, alihukumiwa mwaka 2004 kifungo cha miezi 18. Makosa yake kwenye hati ya mashtaka? Udanganyifu wa viza na utakatishaji fedha. Yaliyowapata watoto wenyewe hayakuwamo.

Baada ya hapo sheria zilikuja: Kambodia ilijiunga na Mkataba wa Hague wa uasili mwaka 2007, ikatunga sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu mwaka 2008. Mwaka 2011 shirika la Friends-International likaanza kuwaambia watalii kwamba watoto si kivutio. Kwa maoni yangu kampeni hiyo iligusa panapoiuma biashara hiyo kuliko mikataba yote, maana ilimfikia mteja.

Hesabu ya kitaifa ya 2015, iliyofanywa kwa msaada wa UNICEF, ilikuta vituo 406 vyenye watoto 16,579. Serikali ikaahidi kuwarudisha nyumbani asilimia 30 ya watoto katika mikoa 5 ifikapo 2018.

Kurudisha mtoto kunahitaji ofisa ustawi wa jamii: amtafute mzazi, apime hali ya kaya, arudi tena na tena kukagua. Bado ni nafuu kuliko kumweka kituoni. Huku kwetu Kagera, Tanzania, utafiti wa Benki ya Dunia ulikuta mtoto wa kituoni akigharimu zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka, karibu mara 6 ya anayelelewa katika familia. Tatizo ni kwamba nauli ya ofisa huyo haipigiki picha ya kumtumia mfadhili.