Mlima Si Kitu, Kazi Iko Mchangani

Mwishoni mwa 2024, Stark Future, kampuni ya Barcelona nchini Hispania, ilitoa pikipiki ya porini iitwayo Varg EX. Ina nguvu za farasi 80, uzito wa kilo 120 hivi na betri ya kilowati-saa 7.2. Farasi hao ni wengi kuliko wa pikipiki ya motokrosi ya petroli ya cc 450. Kwa hiyo wapenda njia za porini wameacha kuuliza kama umeme una nguvu. Wanachouliza sasa ni kama utawarudisha nyumbani.

Jinsi betri ya lithiamu inavyotunza chaji tuiruke, imeandikwa hadi imechosha. Kabla ya kulijibu swali hilo, tuanze na mota, maana utamu uko huko.

Injini ya petroli sharti izunguke ndipo ivute hewa, na sharti ivute hewa ndipo ipate nguvu. Mizunguko ikipungua mno, inazimika. Ndiyo maana ikawekewa klachi. Aliyewahi kupandisha pikipiki kwenye kilima cha mawe anaijua shughuli yake: gurudumu la mbele limegota, mkono wa kushoto unabembeleza klachi, wa kulia unakaza mafuta, na ukikosea kidogo tu umekwama katikati ya mwinuko, injini kimya, mguu unatafuta pa kukanyaga.

Mota haina shida ya hewa. Mkondo wa umeme unapita kwenye nyaya za shaba, nyaya zinageuka sumaku, na sumaku hiyo inasukumana na sumaku za kudumu zilizo kwenye rota, yaani sehemu inayozunguka. Nguvu ya kuzungusha inafuata wingi wa mkondo. Rota ikiwa imesimama tuli, hakuna umeme unaoupinga mkondo huo, hivyo nguvu yote ipo tangu mwanzo. Lakini rota ikishaanza kuzunguka, sumaku zake zinapita mbele ya zile nyaya na kuzalisha umeme mwingine, unaopingana na ule wa betri. Yaani mota, kwa kufanya kazi yake, inageuka jenereta na kujipinga yenyewe! Umeme huu unastahili jina. Jina “umeme wa kinyume” linamfanya mtu adhani betri imefungwa vibaya. Makala haya yatauita umeme mkaidi, na asiyelipenda jina hili alete lake.

Mfikirie msukuma mkokoteni wa Kariakoo. Mkokoteni umejaa magunia na umesimama. Hapo ndipo anapoweza kuuegemea kwa uzito wake wote, kwa sababu haumkimbii. Ukianza kwenda, anasukuma huku anatembea. Ukiongeza kasi, sehemu kubwa ya juhudi yake inaishia kwenye kuufuata tu, na mikono inasukuma kidogo. Ukifikia kasi ya miguu yake, viganja vinaugusa bila kuusukuma. Hiyo ndiyo kasi ya mwisho ya mota: umeme mkaidi umelingana na wa betri, na hakuna tena cha kuusukuma mkondo. Kisha waje kwenye mteremko. Sasa mkokoteni ndio unaomvuta yeye, naye anarudisha mwili nyuma na kuburuza visigino ili aukamate. Kwenye pikipiki, visigino hivyo ni betri. Umeme mkaidi umeushinda ule unaoisukuma mota, mkondo umegeuka, betri inapokea chaji na gurudumu la nyuma linapunguza mwendo. Kitu kilekile kilichoisukuma pikipiki kupanda ndicho kinachoizuia kushuka, na hakuna kipuri hata kimoja kilichoongezwa kwa kazi hiyo.

Matokeo yake porini ni makubwa. Varg haina klachi wala gia za kubadilisha. Gurudumu likigota jiwe, mwendeshaji anasimama, anajipanga, kisha anafungua kidogo na pikipiki inapanda kwa mwendo wa kutambaa. Kwenye mto, hakuna injini ya kumeza maji. Na kwenye miinuko ya juu, mota haipungukiwi kitu. Mwinuko wa mji wa Iten, Kenya, mita 2,400 hivi, huinyang’anya injini ya kawaida karibu moja ya tano ya nguvu zake, kwa sababu hewa ni nyepesi. Joto la mota inayopanda polepole kwa muda mrefu ni suala, ila watengenezaji wanalifahamu.

Je, chaji itatosha? Wengi huogopa milima, na hesabu inawapinga. Pikipiki na mwendeshaji wake ni kilo 200. Kuvipandisha mita 500 kwenda juu kunataka kilowati-saa 0.27 tu, chini ya asilimia 4 ya betri ile, na sehemu yake hurudi wakati wa kushuka. Mwizi mwenyewe ni ardhi. Kwenye mchanga tifutifu, gurudumu linahitaji nguvu mara kumi au zaidi ya ile ya lami ili lisonge tu. Hapo kila kilomita inaweza kula kilowati-saa 0.1, na kinachokwenda hivyo hakirudi hata uteremke vipi. Kilomita 60 au 70 za mchanga wa namna hiyo, betri imekwisha.

Mwenye petroli ana tangi la lita nane lenye nishati ya kilowati-saa 70 hivi. Injini inapoteza sehemu kubwa kama joto, lakini kinachobaki bado ni mara mbili ya betri ya Varg. Tena lita tano za petroli, zisizofika kilo nne, humiminwa kwa dakika mbili. Betri ya Varg ina zaidi ya kilo 30, na kuijaza kwa chaja ya kilowati 3.3 kunachukua zaidi ya saa mbili, palipo na umeme. Bodaboda za umeme za Kigali na Nairobi zimelikwepa tatizo hili kwa vituo vya kubadilishana betri. Msituni hakuna kituo.

Ila kuna watu ambao petroli ndiyo inayowasumbua. Mwaka 2021, kampuni ya Cake ya Sweden ilitengeneza pikipiki iitwayo Kalk AP kwa ajili ya askari wa wanyamapori, kwa kushirikiana na chuo cha Southern African Wildlife College kilicho jirani na hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini. Jangili akisikia muungurumo wa injini kutoka mbali anapata muda wa kutoroka, na kufikisha mafuta katikati ya pori ni kazi na gharama. Pikipiki hizo hazina muungurumo, na chaji yake ilitoka kwenye paneli za jua. Doria inaanzia kambini na kurudi kambini, kwa hiyo masafa yanajulikana. Ukitaka mahali ambapo umeme unaishinda petroli bila ubishi, ni hapo.

Kilichoshindikana ni biashara. Alta Motors ya California, iliyotangulia kwenye mbio za aina hii, ilifunga milango 2018. Cake nayo ilifilisika 2024.

Basi kwa anayezunguka njia za kilomita 40 na kurudi penye soketi, pikipiki ya umeme inafaa leo, na mlimani atawaacha wenzake. Anayetoka Marsabit kuvuka jangwa la Chalbi hadi Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, anunue ya petroli. Na kabla ya kulipia ya umeme, muulize muuzaji bei ya betri mpya, na nani ataileta kampuni ikifungwa.