Julai Mosi: Siku ya Mpaka, ya Uhuru wa Jirani na ya Bajeti Mpya Katika Nyanda za Kibondo na Kasulu

Maneno "kuanzia tarehe 1 Julai" ni miongoni mwa yanayojirudia zaidi katika matangazo ya Serikali. Viwango vipya vya kodi na ushuru, fedha za miradi ya maendeleo, pamoja na sheria nyingi zinazohusu mapato huanza kutumika siku hiyo. Kwa wananchi wa wilaya za Kibondo na Kasulu mkoani Kigoma, tarehe hiyo ina uzito wa ziada. Wakati ofisi za halmashauri upande wa Tanzania zinafungua vitabu vipya vya hesabu, upande wa pili wa mpaka ofisi za umma zimefungwa, kwa kuwa Burundi inaadhimisha sikukuu ya uhuru wake. Mfanyabiashara wa mahindi au maharage anayetegemea huduma za forodha za jirani hulazimika kuzingatia jambo hilo anapopanga safari yake.

Jambo lisilofahamika na wengi ni kwamba mpaka wenyewe nao una historia inayoanzia Julai Mosi. Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana maeneo ya Afrika Mashariki. Ujerumani ilipata kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini na ikakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Kwa upande wa bara, mkataba ulirefusha mstari wa mgawanyo kuvuka Ziwa Viktoria kuelekea magharibi hadi mpaka wa Kongo. Nchi zote zilizobaki kusini mwa mstari huo, zikiwemo Buha, Burundi na sehemu kubwa ya Rwanda, zilihesabiwa kuwa za Ujerumani.

Wenyeji wa nchi hizo hawakushirikishwa wala kuarifiwa. Msafiri Oscar Baumann, anayetajwa miongoni mwa Wazungu wa mwanzo kuingia ndani ya Burundi, alipita huko mwaka 1892, yaani miaka miwili baada ya nchi hiyo kugawiwa kwenye karatasi. Katika Buha, tawala za jadi kama Heru, katika eneo la Kasulu ya leo, na Muhambwe, katika eneo la Kibondo, ziliendelea chini ya watawala wao walioitwa Mwami, cheo kilekile kilichotumika Burundi na Rwanda. Lugha ya Kiha nayo inakaribiana sana na Kirundi, kiasi kwamba wazungumzaji wake huelewana bila mkalimani.

Inafaa kusisitiza kwamba mkataba wa 1890 haukuitenganisha Buha na Burundi. Zote mbili zilikuwa ndani ya koloni moja la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Utengano ulikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Majeshi ya Ubelgiji yaliyotoka Kongo yaliteka Kigoma mwaka 1916 na kuitawala sehemu hiyo kwa miaka kadhaa. Mwaka 1919, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Milner, na mjumbe wa Ubelgiji, Orts, walikubaliana kwamba Ubelgiji ibaki na Ruanda-Urundi na Uingereza ichukue sehemu iliyosalia, ambayo ndiyo iliyopewa jina la Tanganyika. Wabelgiji waliikabidhi Kigoma kwa Waingereza mwaka 1921, na mwaka 1924 mataifa hayo mawili yalitia saini itifaki iliyoeleza mstari wa mpaka kwa kina. Kuanzia hapo, Mto Malagarasi, ambao katika sehemu ya safari yake unafuata mpaka huo kabla ya kugeukia ndani ya Tanzania na hatimaye kumwaga maji Ziwa Tanganyika, ukawa alama ya mamlaka mbili tofauti.

Ubelgiji haikuondoka Kigoma mikono mitupu. Kwa makubaliano ya mwaka 1921 ilipewa maeneo maalumu katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam ili kupitisha mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi, kwa kodi ya faranga moja tu kwa mwaka na bila ukomo wa muda. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kwamba upangishaji wa kudumu uliofanywa na mtawala wa muda hauwezi kulifunga taifa huru. Msimamo huo ulikuwa sehemu ya mtazamo mpana wa Tanganyika kuhusu mikataba ya kikoloni, ambao hadi leo unafundishwa katika sheria ya kimataifa kwa jina la Mwalimu.

Miezi saba isiyotimia baada ya uhuru wa Tanganyika, zamu ya jirani ilifika. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua tarehe 27 Juni 1962 kwamba udhamini wa Ubelgiji juu ya Ruanda-Urundi ukome tarehe 1 Julai 1962, na kwamba ziwepo nchi mbili huru, Rwanda na Burundi. Rwanda ilianza kama jamhuri chini ya Rais Grégoire Kayibanda. Burundi ilianza kama ufalme chini ya Mwami Mwambutsa IV. Mwanawe, Louis Rwagasore, aliyekiongoza chama cha UPRONA kushinda uchaguzi wa Septemba 1961, hakuishi kuiona siku hiyo, kwani aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961 akiwa Waziri Mkuu.

Kwa hiyo, Julai Mosi ya mwaka 1962 iliwakuta Waha na Warundi katika hali inayofanana kwa namna ya pekee: pande zote mbili zilikuwa huru, na pande zote mbili bado zilikuwa na Mwami. Hali hiyo haikudumu. Tanganyika iliondoa mamlaka ya kiutawala ya machifu mwaka 1963, na Burundi ikawa jamhuri Novemba 1966. Mpaka uliobuniwa na wakoloni ulibaki. Mkutano wa wakuu wa nchi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Cairo Julai 1964 uliazimia kwamba nchi wanachama ziheshimu mipaka iliyokuwepo zilipopata uhuru, na hoja hiyo iliwasilishwa na Mwalimu Nyerere.

Siku hizi Burundi huadhimisha tarehe hiyo kwa gwaride na kwa ngoma zake za kifalme, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Rwanda nayo inaitambua Julai Mosi kuwa Siku ya Uhuru, ingawa maadhimisho yake makubwa zaidi ni ya Siku ya Ukombozi, tarehe 4 Julai. Afrika ina wengine wanaoshiriki tarehe hiyo: Somalia iliungana na kuwa taifa huru Julai Mosi 1960, siku ileile Ghana ilipotangazwa kuwa jamhuri.

Kibondo na Kasulu zimeijua historia ya uhuru wa Burundi kwa upande wake mchungu pia. Machafuko ya mwaka 1972, yale yaliyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, na mgogoro wa mwaka 2015 yalileta maelfu ya watu kuomba hifadhi. Kambi ya Mtabila iliyokuwa Kasulu ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015, na Nyarugusu, Kasulu, iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, ilipokea pia Warundi. Kuni, maji na ardhi vilitumiwa na wenyeji pamoja na wageni, na mzigo huo ulibebwa kwanza na vijiji vya jirani kabla ya misaada yoyote kufika.

Katika zama za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Julai Mosi imepata sura nyingine. Rwanda na Burundi zilikuwa wanachama kamili tarehe 1 Julai 2007, zikaanza kutumia Umoja wa Forodha tarehe 1 Julai 2009, na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyotiwa saini Arusha tarehe 20 Novemba 2009, ikaanza kutekelezwa tarehe 1 Julai 2010. Tarehe hizo hazikuangukia hapo kwa bahati. Ushuru wa forodha ni sehemu ya bajeti, hivyo mabadiliko yake hufaa kuanza pamoja na mwaka mpya wa fedha.

Kwa mwananchi wa Mabamba, wilayani Kibondo, au wa vijiji vya mpakani Kasulu, mipaka ya itifaki hiyo ni muhimu sawa na fursa zake. Bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya hazitozwi ushuru wa forodha zikiwa na cheti cha uasili, na kwa mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani upo utaratibu rahisi wa cheti kinachotolewa mpakani. Kodi nyingine na ukaguzi wa afya ya mimea au mifugo hubaki palepale. Watu wanaruhusiwa kuvuka, lakini kwa hati halali za kusafiria na kupitia vituo rasmi. Masuala ya ardhi yameachwa chini ya sheria za kila nchi, na wakimbizi hawaongozwi na Soko la Pamoja bali na mikataba ya kimataifa inayowahusu. Dhana kwamba Jumuiya imefuta mpaka imewaingiza wengi katika usumbufu usio wa lazima.

Ndani ya nchi, Julai Mosi ina kumbukumbu ya kiutawala pia. Mpango wa Madaraka Mikoani ulianza kutekelezwa tarehe 1 Julai 1972, ambapo halmashauri za wilaya zilifutwa na kazi zake kuhamishiwa ofisi za mikoa na wilaya. Serikali za mitaa zilirejeshwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi mwaka 1984. Halmashauri za leo, yaani Kibondo, Kasulu na Mji wa Kasulu, ni matunda ya urejeshwaji huo.

Halmashauri hizo hupitisha makadirio yao katika mabaraza ya madiwani kabla ya Bunge kujadili bajeti kati ya Aprili na Juni. Ifikapo Juni 30, idhini ya matumizi ya mwaka hukoma, na hapo ndipo mradi uliochelewa kutafutiwa mzabuni hujikuta mashakani. Robo ya kwanza, Julai hadi Septemba, huangukia kiangazi, wakati barabara za vijijini zinapitika na matofali yanakauka. Zikianza mvua za mwisho wa mwaka, kusafirisha saruji na mchanga katika vilima hivyo huwa kazi nzito.

Mwananchi anayetaka kujua kijiji chake kimetengewa nini ana haki ya kuuliza katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi ni mojawapo ya ajenda zake. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza pia kuuliza kuhusu asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo yao, kwa mgawanyo wa nne, nne na mbili. Swali hilo likiulizwa Julai, halmashauri bado ina miezi kumi na miwili ya kulitekeleza.