Sura ya Nne: Mji wa Pwani kwa Siku Mbili

Mwenye likizo ya wiki nzima akikosea mji, siku ya tatu anahama na bado anapumzika. Anayeondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumapili jioni hana nafasi hiyo. Ukitoa safari, usingizi na mlo, saa zake za mchana ufukweni ni chache mno, na bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kila siku bila kumngoja mgeni. Wengi huchagua mji kwa kutazama picha za vyumba. Mimi nashauri uanze na maji, ufuate barabara, kisha ndipo uuangalie mji wenyewe.

Katika pwani ya Kenya na Tanzania, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huweza kufika mita 3 hadi 4. Sehemu nyingi mwamba wa matumbawe umekaa mbali na ufukwe, na ndani yake maji ni ya kina kifupi. Maji yakitoka, hutoka kwelikweli. Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, utatembea muda mrefu juu ya mchanga, mwani na mawe kabla hujapata maji ya kiunoni. Aliyevutwa na picha ya bahari ya buluu huona ametapeliwa, kumbe picha ilipigwa maji yamejaa.

Jambo hili hutabirika, na kipimo chake kiko angani. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Anayefuata kalenda ya Kiislamu atazamie tarehe 1 hadi 3, na tena 15 hadi 17. Siku hizo, Mombasa na Zanzibar, maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na hujaa kati ya saa 10 na saa 11 alasiri. Kila siku saa hizo huchelewa kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi na kupwa alasiri, lakini hayaendi mbali kwa sababu ni maji mafu.

Kwa hiyo wikendi hazilingani hata katika mji uleule. Mwenye watoto wadogo wanaotaka kuchezea maji tangu asubuhi achague wikendi ya maji mafu, au aende Nungwi na Kendwa, kaskazini ya Unguja, ambako maji hayakimbii sana na unaweza kuogelea karibu saa yoyote. Lakini bamvua nayo ina watu wake, na mimi ni mmoja wao. Asubuhi ya bamvua Jambiani ndipo utawaona kina mama wakihudumia mashamba ya mwani, kilimo cha biashara kilichoanza huko mwaka 1989. Ni kazini kwao, basi pita kando ya kamba zao, na kabla ya kumpiga mtu picha muombe. Vaa viatu, maana kwenye mawe kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi. Maji yakianza kurudi, nawe rudi.

Fungu la Maziwe, mbele ya Pangani, nalo linataka kupwa. Ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, na kasa walitaga hapo. Mmomonyoko ukakimaliza, na leo ni mchanga mtupu unaozama maji yakijaa. Nahodha hupanga safari kwa kupwa, na ukija Jumamosi ambayo kupwa kwa mchana kunaangukia jioni, huenda usifike kabisa.

Pepo sitazirefusha. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, huchafua bahari. Wenye tumbo jepesi watateseka kwenye boti ya Zanzibar. Kaskazi, Desemba hadi Machi, huleta joto. Oktoba na Novemba, wakati wa matlai, bahari hutulia zaidi, ingawa vuli huweza kunyesha. Masika vyumba hushuka bei, lakini mito hushusha tope: Sabaki karibu na Malindi, Ruvu karibu na Bagamoyo, na Pangani kwenye mji wenye jina lake.

Barabara ina kanuni moja tu: safari ikizidi saa 4 kwenda, inahitaji siku ya tatu. Kwa kanuni hiyo mkazi wa Dar es Salaam aiache Kilwa kwa likizo ndefu, japo magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingia urithi wa dunia mwaka 1981, yanastahili kila kilomita. Pangani pia naiweka huko. Mkazi wa Nairobi ana treni ya SGR tangu mwaka 2017, lakini asisahau kwamba inamshusha Miritini. Anayekwenda Diani bado ana safari ya kuvuka kusini, iwe kwa kivuko cha Likoni au kwa barabara ya Dongo Kundu.

Ndipo tunafika kwenye mji. Kupumzika kwa siku mbili kunataka mahali ambapo ukitoka chumbani unatembea kwa miguu na kukuta maisha ya watu. Hoteli iliyozungushiwa ukuta, kilomita kadhaa kutoka dukani, hukulazimu kununua kila kitu ndani na kukodi gari kwa kila hatua. Lamu haina tatizo hilo: mji mkongwe hauna magari, na Shela iko umbali wa kutembea. Ila nauli ya ndege si ya kila mtu.

Kwa wakazi wa Dar, Bagamoyo inadharauliwa bure. Ni kweli, maji yake si ya buluu. Lakini ni kilomita 70 hivi tu, na mji wote unatembeleka: Ngome Kongwe, majengo ya Wajerumani walioufanya makao makuu yao kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891, na misheni ya Kikatoliki iliyoanza mwaka 1868. Kaole, yenye magofu ya msikiti wa karne ya 13, iko kilomita chache kusini. Asubuhi nenda ufukweni mashua zinaposhusha samaki, ununue na kula hapohapo wakikaangwa. Ukienda Ramadhani, vibanda vya chakula vingi hufungwa mchana na mji huchangamka baada ya futari; ukijua hivyo mapema, usiku wake utaufurahia.

Kabla hujalipia chumba, piga simu umuulize mwenyeji: siku hizo maji yanajaa saa ngapi, na kutoka mlangoni nitatembea mpaka wapi? Asipoweza kujibu maswali hayo mawili, pesa yako itunze, utafute nyumba nyingine.